Tangazo lilisema milioni 6, mizania inasema 4.3: hela imeenda wapi?

Swali: Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha watu nane hapa Mwanza, tunachanga halafu shemeji yangu aliyeko Toronto anatununulia hisa huko. Tuna hisa za kampuni moja ndogo ya kutafuta dhahabu. Mwezi wa 12 walitangaza wameuza leseni yao moja, iko Afrika Magharibi, kwa dola milioni 6. Mnunuzi hakutoa keshi, katoa hati ya kulipa milioni 3 baada ya miaka miwili na milioni 3 nyingine baada ya miaka minne, haina riba. Sasa ripoti ya mwaka imetoka na kwenye mizania kuna mstari wa notes receivable umeandikwa dola milioni 4.3. Milioni 1.7 imeenda wapi, wameiba? Halafu shemeji anasema kampuni nzima sokoni inauzwa dola milioni 3.4, yaani chini ya hiyo hati peke yake, kwa hiyo ni kama wanagawa bure, tuongeze. Tuongeze? Picha ya mizania na ya mtiririko wa fedha nimeambatanisha.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hizo picha nimezivuta mpaka macho yakauma ila nimeona karibu yote ninayohitaji. Nianze na la wizi maana najua ndilo linalowakosesha usingizi: hapana, hakuna aliyeiba hiyo 1.7, na tena wangeandika milioni 6 kamili ndo ningewaambia kimbieni. Kuna kitu kingine kwenye hiyo karatasi kinanisumbua mimi kuliko hiyo 1.7, nitakifikia, vumilia kidogo.

Kwanza hilo neno. Kwetu ukisema noti mtu anawaza msimbazi, elfu kumi yako unakunja unatia mfukoni. Ya kwenye mizania siyo hiyo kabisa. Ni hati ya ahadi, karatasi ambayo mtu kasaini kwamba mimi fulani nitakulipa kiasi fulani tarehe fulani, basi. Ni ile ile ambayo mtaani watu wanaandikishana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wawili na mhuri, ila hii imeandikwa na mawakili kwa hiyo ni ndefu na kila sentensi ina "isipokuwa" yake.

Na kampuni ya madini kuwa na hati ya namna hii si jambo la kila siku, ndo maana umeshtuka. Mgodi ukiuza dhahabu hela inaingia ndani ya siku chache tu. Wa makinikia ya shaba wanalipwa sehemu kubwa kwanza halafu iliyobaki inasubiri vipimo na bei itulie, lakini hapo nako tunazungumzia miezi, hatuzungumzii miaka. Kwa hiyo ukikuta hati ya miaka minne kwenye mizania ya kampuni ya madini, mara nyingi ujue hawajauza madini, wameuza shimo. Yaani leseni, au mgodi mzima, au kampuni tanzu inayoshika leseni, na mnunuzi hana keshi mkononi. Au kama siyo hivyo basi wamemkopesha mbia wao, na hiyo nayo ina mambo yake nitaigusa.

Sasa 1.7. Milioni 3 ya miaka miwili ijayo siyo milioni 3 ya leo, hilo hata mama lishe anayekopesha wali kwa mafundi analijua, ndo maana sahani ya mkopo ina bei yake. Kampuni nyingi zilizoorodheshwa Kanada zinafuata kanuni za kimataifa za hesabu, IFRS, na kanuni namba 9 inasema hati ya namna hii siku ya kwanza unaiandika kwa thamani yake ya siku hiyo, usiandike namba iliyoko usoni. Haina riba? Basi jiulize, huyu mnunuzi akienda mwenyewe kukopa huko nje kwa muda kama huo angetozwa riba ngapi, halafu irudishe ile hela nyuma kwa riba hiyo. Nimejaribu riba kadhaa kwenye kikokotoo na asilimia 12 inakubali sawasawa: milioni 3 ya mwisho wa mwaka wa pili leo inakuwa kama 2.39, na milioni 3 ya mwisho wa mwaka wa nne inakuwa kama 1.91. Jumlisha. 4.3. Ndo namba yako hiyo.

Ukitaka mfano wa nyumbani, kumbuka yale makubaliano ya serikali yetu na Barrick, yaliyotangazwa Oktoba 2019 yakasainiwa Januari 2020, ambayo ndo yaliyozaa Twiga Minerals, kampuni yao ya ubia. Kila mtu alishika namba moja tu, dola milioni 300. Lakini mpangilio ulikuwa milioni 100 kwanza halafu milioni 40 kila mwaka kwa miaka mitano. Chukua asilimia 8, hiyo nimeiokota tu hewani kwa ajili ya mfano, zile 40 tano thamani yake ya siku ya kwanza inakuwa kama 160, jumla 260. Hakuna aliyekula 40 hapo katikati, ni kusubiri tu kumegharimu 40. Na ona kitu kingine, karatasi moja inakaa kwenye vitabu viwili: kwa anayedai ni mali, kwa anayedaiwa ni deni, kwa hiyo kama huyo mnunuzi wa leseni yenu naye anatoa ripoti hadharani unaweza kwenda kuangalia upande wake ameiandikaje, watu hawafanyi hivyo sijui kwa nini maana ni dakika tano.

Hapa kuna mtego nakutajia mapema ili mwakani usidanganyike. Ile 4.3 itakuwa inakua yenyewe. Mwakani itakuwa kama 4.8, na ile nusu milioni iliyoongezeka itaandikwa kwenye taarifa ya mapato kama mapato ya riba. Hati haina riba ila mapato ya riba yapo, ajabu eh? Ndo uhasibu, kile kilichopunguzwa siku ya kwanza kinarudishwa taratibu mwaka kwa mwaka. Si uongo na si kosa, ila haijaingia hata senti. Ukisikia bosi wa kampuni anasema "mwaka huu tumepata mapato ya riba ya dola laki tano" nenda moja kwa moja kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, pale juu kabisa utaona wameitoa tena, wameweka na alama ya kutoa. Mimi mizania na mapato huwa nasoma baadaye, mtiririko wa fedha ndo nasoma kwanza, huo nao ni ugonjwa wa wakaguzi wa zamani.

Haya, sasa kinachonisumbua.

Baba yangu mdogo alikuwa Geita miaka ya tisini, ana karasha lake, anasaga mawe ya watu analipwa kwa kiroba. Akaja kijana mmoja mwenye duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu, jiwe lilikuwa linatoa vizuri kipindi hicho, akasema niuzie karasha, nitakulipa kidogo kidogo kila nikisaga. Wakaandikishana kwa balozi wa nyumba kumi, na baba mdogo kwa ujanja wake akaweka sharti kwamba usipolipa karasha linarudi kwangu. Malipo mawili ya kwanza yakaja vizuri tu. Halafu jiwe likakata, dhahabu ikapotea, kijana akawa anachimba udongo mtupu miezi na miezi. Baba mdogo akaenda na karatasi yake na mgambo kuchukua karasha. Akalikuta. Injini haipo. Kijana aliiuza ili awalishe vijana wake wa shimoni. Kwa hiyo baba mdogo akarudi na chuma tupu juu ya lori alilolikodi kwa hela yake mwenyewe, na sisi watoto tukawa tunalipanda pale uani kama farasi.

Sasa angalia. Deni lilikufa kwa sababu duara lilikufa. Na dhamana nayo ilikufa siku ile ile, kwa sababu karasha bila duara linalotoa halina wa kulilisha wala wa kulitunza. Baba mdogo alifikiri ametoka kwenye biashara ya shimo lile la kijana, kumbe ndo alikuwa ameingia mzima mzima, ila bila haki ya kupata zaidi endapo jiwe lingetoa sana.

Hati yenu ndo karasha lile. Nimesoma yale maelezo mafupi chini ya mizania: dhamana ni hisa za ile kampuni tanzu iliyouzwa, yenye leseni. Mnunuzi naye, kwa jinsi walivyomwelezea, ni kampuni binafsi ya uchimbaji isiyo na mgodi mwingine unaozalisha. Milioni 3 ya kwanza ataitoa wapi? Ama atafute wawekezaji wa kujenga mgodi hapo, ama achimbe hapo hapo. Zote zinategemea shimo lile lile. Kwa hiyo mkiona "dola milioni 4.3 hati ya ahadi" msome "leseni tuliyoiuza, imevaa suti". Leseni ikiwa nzuri mtalipwa milioni 6 na si zaidi, hata akikuta dhahabu ya bilioni. Leseni ikiwa mbovu mtarudishiwa leseni mbovu, na kwa nchi nyingi kurudishiwa kwenyewe kunapitia ridhaa za serikali, kwetu hapa mfano uhamisho wa leseni unapita Tume ya Madini, si kitu cha kwenda na mgambo asubuhi mkarudi nacho jioni.

Linganisha na hati ya Kolwezi, ndugu zetu wa Katanga hii wanaikumbuka. First Quantum ya Kanada ilikuwa na mradi pale wa kusafisha upya mabaki ya zamani ya shaba na kobalti, yaani marudio kwa lugha ya wachimbaji wetu, ilikuwa na asilimia 65 na wabia wake walikuwa pamoja na IFC ya Benki ya Dunia na IDC ya Afrika Kusini, bila kuwasahau Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo, na serikali yenyewe. Mwaka 2009 serikali ikafuta mradi, na 2010 First Quantum ikapoteza na mgodi wa Frontier kule upande wa Sakania mpakani na Zambia. Wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na wakati huo huo mali zile zikawa zinaingia mikononi mwa kampuni ya ENRC. Januari 2012 wakapatana: ENRC inalipa dola bilioni 1.25, ambapo milioni 750 ni keshi siku ya kufunga dili, na milioni 500 ni hati ya ahadi ya miaka mitatu, riba asilimia 3 kwa mwaka.

Iangalie hiyo hati kwa macho ya leo. Asilimia 60 ya hela yote imeshashikwa mkononi kabla karatasi haijaanza kuhesabu siku. Aliyetoa hati ni kampuni iliyokuwa imeorodheshwa London, yenye kromiti na chuma kule Kazakhstan, kwa hiyo hata Kolwezi ingefurika maji bado kuna hela inatoka kwingine. Riba ipo, ingawa ni ndogo, na hapo pia 500 siyo 500: ukiipunguza kwa asilimia 8 unapata kama 436. Hiyo ndo tofauti na ya kwenu, siyo ukubwa wa namba, ni kwamba mlipaji alikuwa na mfuko mwingine nje ya lile shimo. Na hata hivyo, haikupita miaka miwili ENRC yenyewe ikawa imetoka kwenye soko la London, Novemba 2013, kwa hiyo huwezi kusema mkubwa hayumbi.

Halafu kuna hatari ambayo mlipaji mwenyewe hana kosa. Kinross, kampuni ya dhahabu ya Kanada, walipoamua kuondoka Urusi 2022 walitangaza mwezi wa 4 dili ya kuuza mali zao za huko kwa dola milioni 680, sehemu kubwa ikiwa ya kulipwa baadaye, nyingine ilikuwa ifike mpaka 2027. Ikaja kamati ya serikali ya Urusi ikasema mwisho milioni 340. Nusu. Mwezi wa 6 wakafunga dili kwa hiyo hiyo, 300 keshi na 40 baada ya mwaka. Walioshaanza kupiga hesabu na zile 680 kwenye vichwa vyao walijifunza siku hiyo kwamba mnunuzi anaweza kuwa na nia na hela akawa nayo na bado usilipwe. Leseni yenu iko nchi ya watu, muulize shemeji kama mauzo yameshapata ridhaa zote za huko au kuna ambayo bado inasubiriwa, maana kama bado, hiyo hati ina "isipokuwa" kubwa mno.

Turudi kwenye ripoti yako, kule nyuma kwenye maelezo ya hesabu. Huko ndiko kwenye ukweli na ndiko watu hawafiki kwa sababu maandishi ni madogo. Tafuta kwanza wameweka akiba ya hasara kiasi gani juu ya hati hiyo. Kanuni namba 9, ambayo imeanza kutumika Januari 2018, haisubiri mtu ashindwe kulipa ndo uandike hasara, inakutaka ukadirie tangu siku ya kwanza. Mdaiwa akiwa hana tatizo unaweka hasara inayoweza kutokana na yeye kushindwa ndani ya miezi 12 ijayo. Hali yake ikiharibika sana, na kuchelewa siku 30 kwa kawaida kunahesabiwa ni dalili, unapanda unaweka ya maisha yote ya hati. Akichelewa siku 90 kwa kawaida anahesabiwa ameshindwa, hapo tunaongea lugha ya mikopo chechefu kabisa. Hesabu yenyewe si ya kutisha. Sema unaona kuna uwezekano wa asilimia 25 asilipe, na asipolipa dhamana itakurudishia asilimia 40 tu, basi unapoteza 60 kwenye kila mia, 25 mara 60 unapata asilimia 15, ya 4.3 ni kama dola laki sita na nusu. Kwenye picha yako nimeona akiba yao ni sifuri. Sifuri kwa mdaiwa asiye na mgodi, asiye na riba, dhamana yake leseni? Wakaguzi wameipitisha kwa hiyo lazima kuna hoja imeandikwa mahali, ila mimi ningetaka kuisoma hiyo hoja kabla ya kutoa hata elfu hamsini.

Pili angalia nafasi ya hati kwenye foleni. Mnunuzi akienda benki kukopa hela ya kujenga mgodi benki itasema sisi tunalipwa kwanza, na dhamana ni yetu kwanza, na hao wengine wasubiri. Benki haikai nyuma ya mtu. Mara nyingi mwenye hati anakubali, kwa sababu akikataa mgodi haujengwi na yeye halipwi kabisa. Kwa hiyo ukikuta sentensi kwamba hati hii itakaa nyuma ya mkopo wa ujenzi, ujue siku mgodi unaanza kujengwa, ile siku mnayoisubiri kwa hamu, ndo siku dhamana yenu inapungua nguvu.

Tatu ni undugu. Je mnunuzi anahusiana na wakurugenzi? Siyo kila mkopo kwa mtu wa ndani ni mbaya, Petra Diamonds, hawa wa almasi waliokuwa na Mwadui, kwenye mizania yao walikuwa na mstari kabisa wa mikopo kwa wabia wao wa Afrika Kusini waliosaidiwa kununua hisa migodini chini ya sera ya kule ya kuwawezesha weusi, na malipo yake yalitegemea gawio la migodi ile ile. Unaona tena, shimo linalipa deni la shimo. Lakini pale kila kitu kiliandikwa waziwazi. Kinachonitia baridi ni pale unapokuta mnunuzi wa leseni ana mkurugenzi mmoja ambaye juzi tu alikuwa mkurugenzi wa kampuni inayouza, na imeandikwa kwenye mstari mmoja ukurasa wa mwisho.

Na kama kwenye mkataba kuna kipande cha malipo kinachotegemea bei ya dhahabu au wakia zitakazozalishwa, hicho hakiingii kwenye hesabu hii niliyokuonyesha, hicho kinapimwa upya kila ripoti na mabadiliko yake yanakwenda moja kwa moja kwenye faida na hasara. Kwenu sijakiona, napita.

Nikupe na la kazini kwangu, wahusika nawaacha. Miaka hiyo nakagua hesabu, kulikuwa na kampuni inadai hati ya mgodi iliouza. Tarehe ya kulipa ikafika, mdaiwa akasema anaomba mwaka mmoja. Wakaandika hati mpya, wakaongeza riba kidogo, wote wakafurahi, na kwenye ripoti hati ikaonekana haijachelewa hata siku moja kwa sababu tarehe imesogezwa. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Wa tatu nikakataa kusaini mpaka waandike hasara, kukawa na kikao kirefu, chai ikaletwa mara mbili, nikaambiwa mama unatuharibia soko. Tangu hapo nikiona neno la hati "iliyorekebishwa" au tarehe iliyosogezwa, mimi naisoma kama "alishindwa kulipa, tukasameheana kimya kimya". Kwa hiyo kila ripoti ikitoka linganisha tarehe ya malipo na ya ripoti iliyopita, usiangalie kiasi, angalia tarehe.

Kitu kimoja watu wa kwetu wanachanganya hapa, marejesho ya VAT. Migodi mingi ya Tanzania na Kongo ina mstari mnene wa kodi inayodai serikalini, na mtu anauona anasema ni hati. Siyo. Ile inatokana na sheria ya kodi, hakuna mtu kasaini ahadi, na kanuni namba 9 haiihusu. Ina maumivu yake mengine, siku nyingine.

Sasa shemeji na mali ya bure. Tusimame kwenye mizania yenu yenyewe. Mali zote milioni 9.8: hati 4.3, keshi 0.6, vitu vidogo vidogo 0.5, na 4.4 iliyobaki ni gharama za utafiti walizozilundika kama mali, yaani hela walizokwisha kuzitumia kutoboa ardhi, hazirudi mpaka dhahabu ionekane. Madeni 0.9. Soko linasema yote hiyo ni 3.4. Keshi na vidogo vidogo toa madeni unabaki na 0.2, kwa hiyo soko linaipa hati na mashimo yote ya utafiti kwa pamoja milioni 3.2. Kama mashimo unayapa milioni 1 tu, na hiyo ni kuyapunja sana, hati yako soko linaiona ina thamani ya 2.2, nusu ya ilivyoandikwa. Huko Toronto kuna watu kazi yao ni kusoma haya maelezo ya nyuma siku nzima, hawajaipitia hati kwa bahati mbaya, wameiona wakaipunguzia bei. Wanaweza kuwa wamekosea, soko hukosea, ila usiseme bure, sema sisi tunafikiri huyu mdaiwa atalipa na wao wanafikiri halipi, halafu ujiulize nyie mnajua nini wasichojua wao.

Na hapa ndo penye shida ya karibu zaidi kuliko mdaiwa kulipa au kutolipa. Kampuni yenu kwa mwaka inachoma dola milioni 1.4, iko kwenye mtiririko wa fedha. Keshi ni 0.6, hiyo ni miezi mitano. Malipo ya kwanza ya hati ni miezi 24 tangu Desemba. Hapo katikati wanahitaji kama 2.2 kutoka mahali fulani. Wanaweza kuiuza hati yenyewe kwa mtu mwingine, inawezekana, ila atakayenunua hatoi 4.3, atatoa ya kwake. Wanaweza kukopa kwa kuiweka hati dhamana, na riba yake itakuwa kausha damu ya kizungu. Au, na ndo wanachofanya wengi, wanatoa hisa mpya. Kampuni ya 3.4 ikitoa hisa za 2.2 kwa bei ya leo, kipande chenu cha mia kinabaki 61, na kwa kawaida hisa za haraka zinatoka kwa bei ya chini ya ya leo. Kwa hiyo hata huyo mnunuzi akiwa mtu mwaminifu kama saa na akalipa yote milioni 6 kwa tarehe zake, nyinyi wanane mnaweza kuwa mmeshamegwa kabla hela haijafika.

Mimi nisingeongeza sasa. Ningekaa na nilichonacho nisubiri watangaze hizo hisa mpya, maana watatangaza, nione bei, halafu ndo niamue. Ila kuna kitu kimoja kinaweza kunibadilisha mawazo: kwenye picha uliyotuma jina la mnunuzi limekatwa nusu ukingoni, naona herufi tatu za mwisho tu. Kama nyuma yake kuna kampuni mama yenye mgodi unaozalisha mahali pengine, na imeweka saini ya kuidhamini hiyo hati, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Piga picha upya ukurasa huo wote, na uliofuata, unitumie.